Kapu la Jumamosi

Diwani aliyealikwa kufungua mkutano alikuwa amekufa. Msomaji, kama sokoni walivyomwita, hakuwa na shaka, kwa sababu mazikoni alikwenda mwenyewe, akasimama nyuma ya umati, na kesho yake akasahihisha tanzia kabla haijatoka gazetini: walikuwa wamempunguzia marehemu miaka kumi. Sasa marehemu huyo huyo alikuwa mbele yake kwenye tovuti ya manispaa. Wananchi wote mnakaribishwa, mgeni rasmi ni Mheshimiwa Diwani, na juu ya tangazo ilikuwapo tarehe ya mwezi huu.

Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana. Duka la kuchapa na kunakili, alikofanya kazi tangu gazeti lifungwe, lilikuwa halina mteja. Mwenye duka alimruhusu kutumia kompyuta kwa sharti moja tu, asiiweke chai karibu. Hapo ndipo alipookotea vitu vya Kapu, kipindi chake cha Jumamosi: vitatu kila wiki, kimoja cha siasa, kimoja cha utamaduni, kimoja cha teknolojia. Alivisoma kwa sauti, akavirekodi kwenye simu, na Jumamosi sokoni kulipofunguliwa mumewe alivirusha kwenye spika, kisha vikaenda kwenye kundi la simu la wafanyabiashara. Wiki hii alikuwa na mbunge ambaye kumbukumbu za bunge zilionyesha amesema mara moja tu mwaka mzima, akiomba dirisha lifungwe. Alikuwa na kijana mmoja aliyezunguka miji akirekodi wachuuzi wanavyoita wateja, akazipanga sauti hizo kama maktaba. Tangazo la diwani marehemu lingefaa kuwa kichekesho cha nyongeza. Alianza hata kutabasamu.

Ndipo akatazama chini ya tangazo. Bajeti ya barabara ilikuwa na tarehe ile ile. Ada za makaburi, tarehe ile ile. Ratiba ya kuzoa taka, tarehe ile ile. Na mpango wa soko jipya, ambao yeye aliusoma kwenye Kapu wiki mbili nyuma, nao ulikuwa na tarehe ile ile.

Tabasamu likamkauka. Mpango ule hakuuokota njiani. Aliufungua waraka wenyewe, akausoma wote, akataja ukurasa na akataja tarehe: soko la zamani litavunjwa, jipya litajengwa ng'ambo ya reli, na atakayeachia nafasi yake mapema atachagua meza ya mbele. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya Kapu. Wengine walisambaza ya kusikia, yeye alisambaza ya kusoma.

Ofisi ya manispaa ilikuwa ng'ambo ya barabara, akavuka kwenda kuuliza. Karani wa mapokezi alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti.

"Mpango upi, dada? Ule wa ng'ambo ya reli?" Akacheka kwa pua. "Ule ulikufa kabla sijaajiriwa. Kiwanja kiliuzwa zamani."

"Mbona una tarehe ya mwezi huu?"

"Hiyo ni tarehe ya kupakia. Tumehama tovuti. Mafaili yote ya zamani yamehamishwa siku moja, yakavishwa tarehe moja, kama watoto na sare ya shule."

"Sasa mtu wa kawaida atajuaje?"

"Mtu wa kawaida hayasomi hayo," karani alisema, akamkaribisha kipande cha chungwa.

Msomaji alishukuru, hakuchukua. Wa kawaida walioyasikia walikuwa soko zima. Wengi walisikia wakangoja waone. Mmoja alikuwa ameshaachia nafasi yake, na huyo alikuwa mama mkwe wake.

Mama Vifungo aliuza vifungo, nyuzi, zipu na lastiki kwenye nguzo ya lango kuu la soko tangu mwanawe hajaota meno. Aliyeingia alimwona kwanza, aliyetoka alimwona mwisho. Nyumbani alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara: kila Ijumaa jioni alikaa jikoni amefumba macho na kulisikiliza Kapu kabla halijarekodiwa. Asichokielewa kwa kusikia mara moja kilikatwa. Alikuwa amekata mengi, pamoja na neno "mustakabali", ambalo alisema linanuka mikutano.

Mpango wa soko jipya aliuelewa kwa kusikia mara moja. Jumatatu yake alikwenda kwa Katibu wa soko, na mbele ya mashahidi akaiachia nguzo kwa mdomo wake, kama desturi ya pale ilivyotaka. Akaipata muuza mikoba aliyekuwa kwenye orodha ya kungojea. Tangu hapo Mama Vifungo aliuzia mlangoni kwake, kwa jirani wawili watatu, akingoja kuitwa achague meza ya mbele.

Hakuuliza mtu. Ya nini kuuliza, naye ndiye aliyeyasikia kwanza?

*

Msomaji aliwaambia jioni, sahani zikiwa mezani. Alieleza kama alivyosoma habari zote, kwa mpangilio, bila kujitetea: diwani, tarehe, karani, kiwanja. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya redio na spika, aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo hakuna soko jipya."

"Hakuna."

"Na nguzo ya mama?"

Kanuni ya chama cha soko waliijua wote: nafasi iliyoachwa kwa mdomo hairudi. Aliyerudishiwa ni yule tu aliyethibitika kutapeliwa.

Mama Vifungo alichovya tonge lake, akalila, akanawa. "Nguzo yangu imeondoka na tarehe," alisema. "Mvua iliishindwa. Moto uliishindwa. Imekwenda na tarehe."

"Mama, kosa ni langu."

"Najua ni lako. Sikusema ni la paka."

Fundi alisogeza sahani. Macho yalikuwa yamemng'aa, kama yanavyong'aa anapopata waya uliokatika ndani ya redio. "Ngojeni. Wiki ile ile uliyosoma mpango, kwenye teknolojia ulisoma nini?"

"Programu inayoiga sauti."

"Ehe! Inachukua sauti ya mtu kidogo tu, inaisemesha inachotaka. Soko zima lilisikia. Wiki nzima walitaniana, huyu anampigia mwenzake akijifanya mkewe." Aligonga meza kwa kidole. "Tunasema sauti ya mpango wa soko haikuwa yako. Imeghushiwa. Basi mama ametapeliwa, kanuni inamrudisha. Na wewe jina lako linabaki safi. Hapo nani ameumia?"

"Sauti ilikuwa yangu. Nilikaa pale ulipokaa, nikasoma."

"Wangapi walikuona?"

"Wawili. Wewe na mama."

"Basi!"

"Basi nini? Miaka yote nawaambia watu wasiamini wasichokifungua wenyewe. Leo niwape uongo wa kufungua?"

"Wewe unatetea jina lako. Mimi natetea nguzo ya mama yangu. Aliyekuzalia mume."

"Umenizalia kweli, mama," Msomaji alisema, "na hajaacha kelele tangu siku hiyo."

Mama Vifungo alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikuwa amevuta kopo la vifungo, anatenga vyeupe na vya rangi ya maziwa, kazi ambayo wengine hawakuona tofauti yake. "Nguzo niliipenda," alisema. "Sitajifanya sikuipenda ili ninyi mlale vizuri." Akatupia kifungo kwenye kopo. "Mambo ya sauti yako ni yako, mwanangu. Fanya unavyoona."

"Kesho mchana nitakwenda kwa Katibu, nimweleze ilivyokuwa."

Fundi hakubisha. Msomaji alipaswa kushtuka hapo, maana mumewe hakuwa mtu wa kuacha kubisha.

*

Alipofika sokoni kesho yake mchana, watu walimpokea kwa pole.

"Pole sana, Msomaji!" aliita muuza mayai. "Tumesikia walivyokuibia sauti. Dunia imekwisha. Kesho wataiba hata kikohozi."

"Mimi nilijua," alisema mwenzake. "Nilisema sauti ile ina mlio wa bati. Sikusema?"

"Ulisema baada ya kuambiwa."

"Lakini nilisema!"

Msomaji aliwapita bila kuelewa, kisha akaelewa. Fundi alikuja asubuhi kukaza waya wa spika, na hakukaza waya tu.

Langoni umati ulikuwa umejaa. Katibu wa soko, mtu mrefu aliyependa kushika kalamu hata pasipo na la kuandika, alikuwa amesimama katikati. Mama Vifungo alikuwapo. Katibu alikuwa amemwita aje arudishiwe nafasi yake. Sanduku lake lilikuwa chini, karibu na miguu, na yeye alikuwa amesimama. Fundi alikuwa nyuma yake, ameshika koleo, hamtazami mkewe. Na kwenye nguzo muuza mikoba alikuwa akishusha mikoba yake. Aliifungua kwenye misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye gunia, mmoja ndani ya mwingine, ili isikunjike.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mgeni pale sokoni. Nafasi yake ya zamani, karibu na choo, ilikuwa imeshachukuliwa na mtu wa viazi.

"Harakisha, mama," alisema kijana wa maji ya baridi. "Nguzo ina mwenyewe."

"Lakini tujiulize," alisema mtu wa viazi, ambaye hakutaka mazungumzo yafike kwenye nafasi ya karibu na choo. "Sauti bandia haijitengenezi. Aliyefaidika ni nani? Bibi wa watu kahama. Nguzo kapata nani?"

Watu wakageuza shingo zote upande mmoja.

"Mimi simu yangu ni ya vitufe," muuza mikoba alisema bila kuacha kufungua. "Haina hata kamera."

"Una mwanao chuoni, wa kompyuta."

"Mwanangu anasomea uuguzi."

"Uuguzi siku hizi nao ni kompyuta!"

Watu wakacheka. Muuza mikoba hakucheka. Mkoba mmoja ulimponyoka, ukaanguka kwenye maji ya samaki yaliyotiririka langoni. Akauokota, akaufuta kwa kanga yake mwenyewe, akaurudisha kwenye gunia.

Katibu alimwona Msomaji. "Afadhali umekuja. Mumeo ametueleza. Kama chama, tunalaani. Thibitisha tu, tumalize: sauti ile haikuwa yako, sivyo? Tikisa kichwa, inatosha."

Ilikuwa kazi ndogo kabisa. Hakuhitaji hata kusema uongo. Kimya kingesema kwa niaba yake. Mama Vifungo alikuwa anamtazama, na uso wake haukuomba kitu wala haukukataa kitu. Fundi alikuwa anatazama koleo.

"Ilikuwa yangu," Msomaji alisema.

"Umesemaje?"

"Sauti ya mpango wa soko ilikuwa yangu. Niliusoma mimi, nyumbani kwangu, nikiwa na akili timamu." Alipaza sauti ile waliyoizoea ya Jumamosi, iliyotamka kila neno hadi mwisho wake. "Mpango ni wa zamani. Manispaa walihamisha tovuti, mafaili yote yakapewa tarehe mpya. Mimi niliona tarehe, sikuuliza ni tarehe ya nini. Soko halihami. Hakuna aliyeghushi sauti. Huyu mama hajafanya lolote, ameomba nafasi akapewa."

Kisha yule aliyesikia bati akasema, "Lakini ilikuwa na bati kidogo."

"Na mumeo?" Katibu aliuliza. "Yeye ametuambia nini asubuhi?"

"Mwanangu aliota," Mama Vifungo alisema kabla Msomaji hajafungua kinywa. "Tangu utotoni anaota akiwa amesimama. Nisameheni kwa niaba yake."

Sasa kicheko kilikuwa cha kweli, na chote kilimwendea Fundi. Alikipokea kama mtu anayepokea ndoo ya maji. Aliiweka koleo mfukoni, ikakataa kuingia, akaitoa tena.

Katibu hakucheka. Alikuwa anaitafuta kanuni kichwani, na sura yake ilionyesha ameipata na hakuipenda. "Kukosea si kutapeli," alisema taratibu. "Mama Vifungo, hukutapeliwa. Kanuni haikurudishii nguzo."

"Nimesikia."

"Nasikitika."

"Usisikitike. Ungesikitika zaidi kama ungebadili kanuni." Aliinama, akashika mpini wa sanduku.

"Na Kapu lenyewe," Katibu aliongeza, kwa sababu mtu aliyeshika kalamu lazima aandike kitu, "tutalipumzisha. Spika itapiga muziki mpaka kamati ikae."

"Ni haki," alisema Msomaji. "Ila marekebisho yasomwe kwanza. Waliosikia kosa kwenye spika wasikie na marekebisho kwenye spika. Leo hii. Kuna watu wameshaagiza mabati ya vibanda vipya."

"Mimi nimeagiza!" aliita muuza mayai. Ucheshi ulikuwa umemtoka wote. "Nimelipa na nusu ya nauli ya gari!"

"Basi pigia simu sasa hivi, kabla gari halijapakia. Mimi nitazungumza nao kama wakikataa."

Muuza mikoba alikuwa amesimama na gunia lililojaa nusu. Alilitazama gunia, akatazama misumari. Akautoa mkoba wa juu, akautundika. Akautoa wa pili. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemharakisha tena. Ule uliolowa aliutundika mahali pa jua.

"Nguzo siitoi," alisema, mgongo ukiwa bado umewaelekea. "Msinitazame hivyo. Mtu akikuvua nguo mbele za watu halafu akakurudishia, hujamkopa kitu."

"Hakuna aliyekuomba," alisema Mama Vifungo.

"Najua. Ndiyo maana nasema." Akatundika mwingine. "Mikoba inauzwa kwa wanaoingia. Upande wa ndani wa nguzo, unaotazama mafundi wa nguo, sina haja nao. Katibu, kanuni inasemaje juu ya nusu ya nguzo?"

Katibu alifikiri. "Haisemi."

"Basi imekubali. Lakini sanduku lisiegemee mikoba yangu."

Mama Vifungo aliizunguka nguzo, akatazama upande wa ndani kama anayekagua kitambaa cha bei rahisi. Mwanga haukuwa mwingi. Mbele yake mafundi wa nguo walikuwa wamepanga vyerehani mstari mrefu, na watatu kati yao walikuwa wameinua vichwa.

"Mama Vifungo," mmoja aliita, "zipu nyeusi ndefu unazo? Tangu uondoke nafuata mjini."

Alilishusha sanduku.

*

"Umenivua nguo mbele ya soko," Fundi alisema jioni ile.

"Ulijivua mwenyewe asubuhi. Mimi niliwasha taa."

Alinuna siku kadhaa, akala akitazama ukuta. Msomaji hakumbembeleza wala hakumchokoza. Alimwekea chakula cha moto, akamwacha na ukuta wake. Mama Vifungo ndiye aliyemkatiza. Alisema upande wa ndani wa nguzo wapita njia ni wachache, hilo ni kweli na asidanganywe mtu, lakini fundi mmoja hununua zipu za watu kumi, na hapigi soga. Kisha akamwambia mwanawe kwamba mtu mzima akinuna zaidi ya wiki, chumvi ya nyumba inapanda bei.

Sokoni utani haukuisha. "Msomaji, leo tuhamie wapi?" watu walimwita akipita, na yeye akawajibu, "Hameni madeni." Muuza mayai aliokoa mabati, ila alipoteza nauli ya gari, na kwa muda hakumsalimu. Msomaji alimsalimu hivyo hivyo, kila siku, mpaka salamu ikarudi.

Kamati ilikaa ikajadili Kapu. Baadhi walitaka lizikwe. Aliyelitetea kwa nguvu zaidi alikuwa muuza mikoba. Alisema amesikiliza spika nyingi maishani, na hiyo ndiyo ya kwanza aliyoisikia ikisema imekosea. Kapu likarudi.

Ijumaa ya kurudi walikaa jikoni kama zamani. Fundi alikuwa mlangoni na spika magotini, anajifanya hasikii. Mama Vifungo alifumba macho. Msomaji alisafisha koo.

"Utamaduni. Mwanafunzi mmoja wa uchoraji amekusanya picha za mabango ya maduka yaliyoandikwa kwa mkono, mengine rangi zimebabuka, hayasomeki tena. Picha amezipiga mwaka huu. Tarehe ya kupiga, si ya kupakia."

"Endelea."

"Teknolojia. Kuna programu ya simu inayosema imefundishwa kutambua noti bandia kwa kamera. Nimeijaribu dukani. Noti moja nzuri imeiita bandia. Sitaipendekeza."

"Endelea."

"Siasa. Meneja wa idara ya maji ameandika kwenye ukurasa wa idara kwamba mabomba ya mtaa huu yatabadilishwa mwezi ujao."

Mama Vifungo alifumbua jicho moja. "Yu hai huyo?"

"Yu hai, mama. Nimempigia simu ofisini kwake."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza nani kanipa namba yake. Kisha akanikatia."

Mama Vifungo alilifumba tena jicho.

"Basi yu hai," alisema. "Soma."